Pikapu ya 2001, taa ya cheki injini, na hela niliyotupa kabla sijajua sensa zinasema nini

Sikuwa na muda mwingi. Stika ya usajili wa pikapu ilikuwa inaisha mwisho wa Agosti 2022, na huku Fort Worth, Kaunti ya Tarrant, huwezi kusajili upya gari la petroli mpaka lipite kipimo cha moshi kwanza, na taa ya cheki injini ilikuwa imewaka wiki ya tatu haizimi. Pikapu yenyewe ni ya mwaka 2001, V8 ya lita 4.6, nimeinunua ikiwa imeshapita mikono mingi, na ndo inayobeba mashine zetu za kukatia majani, mafyekeo, reki, kila kitu, yaani ikilala yenyewe na sisi nyumbani tumelala.

Nikaipeleka gereji moja karibu na ninapokaa. Fundi akachomeka mashine yake chini ya dashibodi, dakika mbili hazijaisha akatoka na karatasi ina namba tatu, P0171, P0174 na P0401, akaniambia sensa za oksijeni zimekufa, ziko nne, tubadilishe zote. Nikamwambia hela ya nne sina, tubadilishe mbili za mbele. Na ufundi ikanitoka dola mia tatu na arobaini na kitu. Siku ya tatu niko barabarani na tela nyuma, taa ikawaka tena. Namba zile zile tatu, hakuna hata moja iliyopungua.

Jioni nikampigia mjomba Morogoro. Mjomba kakaa gereji maisha yake yote, magari ya kabureta anayasikiliza tu kwa sikio anakwambia plagi ya ngapi haichomi, ila haya ya kompyuta hakuwahi kuyafanyia kazi sana. Nikamsalimia, shikamoo mjomba, akaitikia marahaba mjomba, haya sema, nikamsimulia yote. Akanyamaza kidogo afu akaniuliza, hizo namba mbili za mwanzo maana yake nini? Nikamwambia nimesoma, ya kwanza ni upande wa kulia wa injini hewa imezidi petroli, ya pili ni hivohivo upande wa kushoto. Akasema, "Sasa mjomba, mashahidi wawili wamekaa mbalimbali, wote wamesema neno moja siku moja, we umewafukuza mashahidi?"

Nilikaa na hilo neno usiku mzima. Kwa sababu kweli, ile namba haikusema sensa imekufa. Imesema sensa imeona hewa nyingi. Ni vitu viwili tofauti kabisa na mimi nimelipa hela ya chakula cha watoto kwa kutokuvitofautisha.

Ngoja nieleze hii sensa ya oksijeni inavofanya kazi maana mimi nisingeielewa hapa nisingeelewa yaliyofuata. Imefungwa kwenye bomba la ekzosi kama plagi, na ncha yake ndani ina kauri ya zirkonia. Ile kauri ikipata moto, kama nyuzi 300 na zaidi, inatoa umeme mdogo sana kutokana na tofauti ya oksijeni iliyoko kwenye moshi na iliyoko hewa ya nje. Petroli ikizidi, oksijeni kwenye moshi inakuwa haipo, sensa inatoa karibu volti 0.9. Hewa ikizidi inashuka mpaka karibu volti 0.1. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inasoma hiyo, inaongeza petroli, ikiona imezidi inapunguza, kwaiyo sensa ya mbele ikiwa nzima utaiona inaruka juu chini juu chini haitulii, na kutotulia kwake ndo uzima wake. Kinachotafutwa ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, hapo ndo katalaiti, lile kopo la kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, inasafisha vizuri zaidi. Sensa ya nyuma, ile iliyo baada ya katalaiti, kazi yake nyingine, yenyewe inatakiwa itulie, kwa sababu katalaiti nzima inakula ile oksijeni na kuitunza kwaiyo moshi ukitoka nyuma hauna tena yale mabadiliko. Ukiona ya nyuma nayo inaruka kwa kuiga ya mbele, katalaiti imechoka. Na ndani kila sensa ina hita ndogo ya umeme ili ipate moto haraka asubuhi, hiyo hita ikiungua napo namba inakuja ya kwake tofauti.

Nikanunua skana ya Bluetooth, ile kidude kidogo unachomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, dola kama ishirini, unaweka programu kwenye simu. Magari yote madogo na pikapu zilizouzwa Marekani kuanzia modeli ya 1996 zina hiyo soketi kwa sheria. Sasa kuwa nayo ni kitu kimoja, kuisoma ni kingine. Aliyenifundisha kuisoma ni mzee mmoja wa Lubumbashi tunayesali naye, wote tunamwita Papa, kafanya kazi ya magari makubwa ya migodini huko kwao miaka na miaka. Nikamwambia Papa kesho nataka nikamalizie sensa mbili zilizobaki. Akanishika mkono akasema, "Hapana mwanangu, usiuze ingine kintu." Nikashangaa, mi siuzi, mi nanunua. Kumbe kwa Kiswahili cha kwao kuuza ndo kununua, na kuuza kwetu wao wanasema kuuzisha. Usinunue kitu kingine, ndo alichokuwa ananiambia.

Akaniambia washa gari, iache silensa, yaani iungurume yenyewe bila kukanyaga mafuta. Kwenye simu akatafuta sehemu ya marekebisho ya petroli, ile asilimia kontroli boksi inayoongeza au kupunguza. Inatakiwa icheze karibu na sifuri, tano chini tano juu siyo tatizo. Yangu ilikuwa inasoma kujumlisha 22 kulia, kujumlisha 23 kushoto. Akasema haya kanyaga mafuta mpaka mizunguko 2,500 ushikilie hapo. Namba zikashuka mpaka 5 na 4. Papa akatabasamu akazima gari. Maelezo yake ni haya, na nimeyatumia mara nyingi tangu siku hiyo: injini ikiwa silensa inavuta hewa kidogo, kwaiyo kama kuna tundu mahali hewa inaingilia bila kupimwa, ile hewa ya wizi ni sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga, injini inavuta hewa nyingi kwa njia ya halali, ile ya tunduni inakuwa kidogo haionekani. Ingekuwa kinyume, yaani silensa nzuri afu ukikanyaga ndo inazidi kuomba petroli, ungetafuta pampu, filta ya petroli, au ile sensa ya kupima hewa inayoingia kama imechafuka.

Akapitisha mkono nyuma ya injini, kule karibu na ukuta wa kabini ambako huoni kitu, akanivuta na mimi nipitishe. Kuna mpira umepinda kama kiwiko, unapeleka mvuke wa oili kurudi kwenye injini. Kidole changu kiliingia ndani. Mpira ulikuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, upande wa chini ambako macho hayafiki umepasuka wote. Miaka ishirini na moja ya joto na oili, lazima uishe. Mpira mpya haukufika dola kumi na tano, tuliufunga pale pale kwenye maegesho ya kanisa, tukawasha, 22 ikaanza kushuka taratibu tunaiangalia, 15, 11, 6. Sikuwa na la kusema. Zile sensa mbili zilizotolewa hazikuwa na kosa lolote, zilikuwa zinasema ukweli kila siku.

Ikabaki P0401. Hii ni ya EGR, mfumo unaorudisha moshi kidogo kwenye injini uchanganyike na hewa mpya. Watu wengi nawasikia wanauita uchafu tu, wanaziba wanaendelea, na mimi nilikuwa na mawazo hayo mpaka nikaelewa kwa nini upo. Moshi hauna oksijeni ya kutosha kuungua, ukichanganywa na hewa mpya unapooza ule moto ndani ya silinda, na moto ukipungua ile gesi ya oksaidi za naitrojeni inapungua sana. Hizo oksaidi zikikutana na mvuke wa petroli na jua kali zinatengeneza ozoni ya chini, hii tunayovuta. Dallas na Fort Worth tuna shida hiyo miaka mingi, kila kiangazi tunapata tahadhari za ozoni kwenye simu. Mwanangu wa pili ana pumu. Siku za tahadhari hatoki nje kucheza, anakaa dirishani na pampu yake mfukoni. Kwaiyo mi nikisikia mtu anasema ziba tu hiyo EGR haina kazi, naumia kwa kweli, maana najua kazi yake.

Kwenye hii pikapu kuna sensa ndogo juu ya injini inaitwa DPFE, ina mipira miwili inashuka kwenye bomba la chuma la EGR. Ndani ya hilo bomba kuna sehemu imebanwa ina tundu dogo, mpira mmoja unasoma presha kabla ya tundu na mwingine baada, tofauti yake ndo inaiambia kontroli boksi moshi unapita kiasi gani. Nikaigusa mipira, ikakatika mkononi kama biskuti. Nikanunua mipira inayostahimili joto, usiweke ya petroli ya kawaida itayeyuka, nikafunga, taa ikarudi tena baada ya siku mbili. Hapo nilikuwa nimeshajifunza kutokimbilia duka. Papa akaja na pampu ya mkono ya vakyumu, ile ya kuvuta hewa, tukaivuta valvu ya EGR ifunguke gari likiwa silensa. Injini ikatetemeka ikataka kuzimika. Maana yake valvu inafunguka na njia za moshi haziko na masizi ya kuziba, ingekuwa zimeziba injini isingehisi chochote. Sasa tukaangalia kwenye simu volti ya DPFE wakati moshi unapita, haijasogea hata kidogo. Presha ipo, mipira mipya, waya tulipima una volti 5 za kuilisha, yenyewe kimya. Hapo ndo unasema sensa imekufa. Nikanunua, nikafunga, nikapima ufunguo umewashwa injini haijawaka, karibu volti 1, tukafungua valvu ikapanda. Na naomba muone tofauti: hii nayo nimenunua sensa kama zile mbili za mwanzo, ila hii nimeinunua baada ya kuisikiliza.

Afu nikafanya kosa ambalo nawaonya watu wote wanaonipigia simu. Nilifuta namba kwa skana usiku, asubuhi nikaenda kituo cha ukaguzi nina furaha, taa imezima. Wakanikatalia. Kwa sababu ukifuta namba, au ukitoa betri, kontroli boksi inasahau pia majaribio yake yote iliyokuwa imeshajifanyia, wanaita monita, ya katalaiti, ya EGR, ya mvuke wa petroli, ya sensa za oksijeni. Gari la 2001 na kuendelea linaruhusiwa monita moja tu iwe haijakamilika, la 1996 mpaka 2000 mbili. Yangu zilikuwa tatu. Siyo adhabu, ni ili mtu asifute namba mlangoni akapita na gari bovu, na ni haki.

Kuzikamilisha ni kuendesha tu, ila kwa mpangilio. Gari lilale limepoa kabisa usiku kucha, uliwashe liungurume dakika chache, afu barabara kuu mwendo wa sawa maili 50 hadi 60 kwa saa dakika kumi, kumi na tano bila kukanyaga na kuachia, afu uachie mguu lipungue lenyewe bila breki, urudi mjini kwenye kusimama na kwenda. Ndani ya siku mbili nikapata zote isipokuwa ya mvuke wa petroli. Siku nne haikubali. Kumbe mi nina tabia ya kujaza tangi kila asubuhi kwa ajili ya kazi, na lile jaribio halifanyiki tangi likiwa limejaa sana wala likiwa karibu kuisha, linataka liwe katikati, tuseme kati ya robo na robo tatu. Nikaacha kujaza. Siku ya pili ikakamilika. Wakati huohuo nikabadilisha na kifuniko cha tangi, mpira wake wa kuzibia ulikuwa umepasuka pasuka, kile kifuniko pekee kinaweza kukuwashia taa, namba P0455 au P0457, na watu wanalipia mamia ya dola kwa kifuniko cha dola kumi na kitu. Tarehe 30 Agosti nikapita.

Ningependa kusema kuanzia hapo nilikuwa makini. Machi 2024 tulikuwa na msiba Houston, maili kama 260, tukaondoka saa kumi alfajiri. Katikati ya safari gari likaanza kutetemeka nikipanda kilima na taa ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Nikajua ni tatizo la plagi au koili inayoipa plagi umeme, nikasema tukifika nitaangalia, mazishi hayasubiri. Taa ikiwaka ikatulia inakwambia kuna kitu, panga siku. Taa ikipepesa inakwambia saa hii hii kuna kitu kinaharibika. Silinda isiyochoma inatema petroli mbichi kwenye ekzosi, ile petroli inaenda kuungulia ndani ya katalaiti, na katalaiti ndani ni kauri yenye vitundu kama sega la nyuki iliyopakwa platini, paladi na rodi, ikipata joto la namna ile inayeyuka. Tulifika, tukazika. Koili ya silinda ya 7 ilikuwa imeingia maji, namba P0307, nikabadilisha koili na plagi kwenye uwanja wa watu wa msiba, jumla dola hamsini na kitu. Wiki mbili baadaye P0430 ikatokea, katalaiti ya upande wa kushoto, upande ule ule wa silinda ya 7. Nikaweka grafu, sensa ya nyuma kushoto inaruka sambamba na ya mbele, kulia imetulia. Kabla ya kukubali nilitafuta kama kuna ekzosi inavuja kabla ya sensa, maana hewa ikiingia hapo inaweza kuidanganya, nikasikiliza asubuhi gari likiwa baridi, nikapitisha mkono, hakuna. Katalaiti mpya na ufundi ilipita dola elfu moja. Ningesimama kwenye kituo cha mafuta kwanza, nikachomoa soketi ya waya wa injekta, kile kidude kinachopulizia petroli ile silinda moja, ningefika na silinda saba polepole na katalaiti yangu.

Kuhusu kuzitunza, mengi ni kutokuziua. Gundi ya silikoni ya kawaida ukiitumia kwenye gasketi, mvuke wake unaenda kuipaka ile zirkonia na inakufa, tafuta iliyoandikwa inafaa kwa sensa za oksijeni. Injini ikila maji ya rejeta au oili, sensa ndo inakufa ya kwanza, kwaiyo ukibadilisha sensa bila kutibu hilo umebandika plasta. Kufungua sensa ya zamani, paka oili ya kulainisha kutu tangu jana yake, fungua injini ikiwa na uvuguvugu, tumia spana yake yenye mwanya wa kupitisha waya. Ya kurudisha paka grisi ya kuzuia kukamata kwenye nyuzi zake za kufungia tu, ncha usiiguse. Sensa ya hewa ina waya mwembamba sana, isafishe kwa dawa yake ya kupulizia, usiiguse kwa kitambaa wala brashi, na kama unatumia filta ya hewa ya kupakwa oili usiilowanishe sana, hiyo oili yote inaenda kutua pale.

Ndugu zangu wa Dar nikiwaeleza haya wananiambia huku hakuna anayepima, katalaiti tunaitoa tu gari lipumue. Gari la petroli lenye sensa ya nyuma ukitoa katalaiti taa inawaka, unaizoea, siku imewaka kwa jambo lingine la maana huwezi kujua. Nimewaambia hivo na wengine wamenielewa, shemeji yangu karudisha ya kwake.

Texas wamefuta ukaguzi wa usalama kwa magari ya watu binafsi tangu Januari 1, 2025, ila kipimo cha moshi kilibaki kwenye kaunti 17 na ya kwetu imo, kwa magari ya petroli yenye umri wa miaka 2 hadi 24. Pikapu yangu ilipimwa mara ya mwisho 2025. Mwaka 2026 imetimiza 25, hakuna tena anayeiuliza. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi bado nachomeka skana kabla ya kupakia mashine, na yule wa pumu ndo anashika simu ananisomea namba. Jumamosi iliyopita kasoma kujumlisha 3 kulia, kujumlisha 2 kushoto, nyuma zote zimetulia kwenye 0.7. Akaandika kwenye daftari, tukafunga boneti.